Muziki uliisha, maji bado

Najua nimepotea, na wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha jamani. Nilikwenda mkoani kwenye mazoezi ya kufundisha, nikarudi nikakuta tesi tatu zinanisubiri. Ila kuna jambo lilinitokea muhula uliopita nikashindwa kuliandika kwa aibu. Sasa limepata mwisho wake, kwa hiyo naweza kulieleza.

Natanguliza hoja kabisa ili anayetaka kubisha ajiandae. Ukitengeneza muziki kwa kompyuta wa kumsindikiza mtu anayefanya sanaa mbele ya watu, papo kwa papo, usimletee wimbo uliokwisha. Kompyuta imsikilize yule mtu. Kama haiwezi kumsikiliza basi bora izimwe, abaki na kimya chake. Hoja hii nimeilipia, someni mtaona.

Kuna rafiki yangu hapa chuoni, nitamwita Mtwangaji. Ameniruhusu niandike ila jina hapana. Yeye anasoma sanaa, mimi kama mnavyojua ni mwalimu mtarajiwa, Kiswahili na historia. Sanaa anayofanya si igizo, hakuna mazungumzo wala visa. Anachagua kitendo kimoja, anakifanya mbele ya watu mpaka kiishe. Basi. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka, nikamuuliza sasa hapo sanaa iko wapi. Akanieleza kitendo chake kipya na kicheko kikaniisha.

Marehemu baba yake aliacha mafao. Mama yake ameyafuatilia miaka sita. Ni ofisi ile ile, dirisha lile lile, njoo Jumatatu, faili halionekani, lete nakala nyingine, mhusika yupo safari. Sasa Mtwangaji akaamua kuuchukua ule msemo wetu wa kutwanga maji kwenye kinu na kuufanya kweli kweli. Kinu kinawekwa katikati, kinajazwa maji, anatwanga. Maji yanaruka, yanamlowesha, yanamwagika chini. Anatwanga mpaka maji yote yamekwisha, kisha anakipindua kinu. Hapo ndipo mwisho.

Akaniomba nimtengenezee muziki kwa sababu anajua huwa nachezea vitu hivi kwenye laptopu yangu usiku badala ya kusoma. Nikakubali kwa mbwembwe. Mazoezini tulipima muda, alitumia dakika 14. Nikatengeneza wimbo wa dakika 14. Ngoma nzito chini, sauti za kinanda, upepo upepo hivi, na dakika mbili za mwisho muziki unapanda, unapanda, halafu unakatika kwa kishindo. Nilijiona bingwa. Nikauweka kwenye flashi na nakala nyingine kwenye simu endapo flashi itagoma. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile kilichotokea.

Siku yenyewe mama yake alikuja. Alitoka safari ndefu kwa basi, amevaa kitenge chake kizuri, tukamkalisha mbele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, wewe ndiye wa muziki?" Nikasema ndiye mimi, kifua mbele.

Mtwangaji akaanza. Nadhani ni kwa sababu mama alikuwa pale, alitwanga polepole kuliko siku zote. Anapiga, anasita, anamwangalia mama, anapiga tena. Ukumbi ulikuwa kimya ajabu, wale wa nyuma waliokuja kupiga soga walinyamaza. Mimi nikatazama saa kwenye laptopu: dakika ya 9, ya 11, ya 12. Muziki ukaanza kupanda kama nilivyoupanga. Maji kwenye kinu yalikuwa hayajafika hata nusu.

Dakika ya 14 muziki ukapanda, ukakatika kwa kishindo. Watu wakapiga makofi.

Yaani ndugu zangu, walisimama kabisa. Walifikiri imekwisha, na nani angewalaumu, muziki umewaambia imekwisha. Mtwangaji yupo pale analoa, maji bado, anatwanga. Makofi yakafifia kwa aibu, watu wakawa hawajui wakae au waondoke. Mshereheshaji akapanda na maiki akashukuru, akamtangaza anayefuata. Ikabidi Mtwangaji abebe kinu chake chenye maji atoke nacho. Mama yake alikuwa bado amekaa, anatazama lile dimbwi sakafuni.

Nje nikaanza kuomba radhi. Mtwangaji hakugomba. Alisema tu: "Muziki wako uliniambia nimalize. Ofisini pia ndivyo wanavyomwambia mama." Niliondoka bila kula chakula cha usiku.

Haya, nikaenda mkoani kufundisha. Kidato cha pili, ngeli za nomino. Nilikuwa na andalio la somo safi, kipindi cha dakika 40 kimegawanywa vizuri, utangulizi dakika 5, maarifa mapya 15, na kuendelea. Kufika dakika ya 12 nikaona kabisa nyuso zimenipotea. Nikaendelea. Nilimaliza dakika ya 40 kamili, kengele na mimi tukagongana mlangoni. Mwalimu mlezi wangu alikuwa amekaa nyuma. Akaniambia, "Kijana, umefundisha andalio, hujafundisha watoto." Nikaitikia ndiyo mwalimu, ahsante mwalimu. Ila kichwani niliona kinu. Kosa lilikuwa lile lile.

Tangu hapo nikaanza kusoma kuhusu mambo haya, na kilichonishangaza ni kwamba wakubwa walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1957 kule Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson walikamilisha kazi ya ala nne za nyuzi iliyotungwa kwa msaada wa kompyuta ya chuo iliyoitwa ILLIAC. Mashine ilichagua noti kwa bahati nasibu, kisha ikazichuja kwa kanuni walizoipa, na watu wakapiga. Mwaka huo huo Max Mathews wa Bell Labs aliandika programu iliyofanya kompyuta itoe sauti yenyewe, kipande cha sekunde 17. Enzi hizo mashine ilikuwa kubwa na ya polepole mno. Huwezi kuiambia imtazame mchezaji, hata hizo sekunde chache zilihitaji kusubiriwa. Kwa hiyo walirekodi kwanza, wakapiga baadaye. Hawakuwa na njia.

Sisi tuna njia. Laptopu yangu hii iliyovunjika bawaba ina nguvu ambayo ILLIAC isingeiota. Halafu tunaitumia kama kaseti! Hilo ndilo linaloniudhi. Tumepewa mashine inayoweza kusikia na kujibu, tunaifanya ya kubonyeza plei.

Mfano mwingine wa kale: mwaka 1965 New York, John Cage na kundi la dansi la Merce Cunningham walifanya kazi inayoitwa Variations V. Jukwaani walisimamisha antena, tena zilizotengenezwa na Robert Moog yule wa sinthesaiza, pamoja na vihisi vya mwanga. Mchezaji akipita karibu na antena au akikata mwanga, sauti inaamka kutoka kwenye mikanda na redio zilizokuwa pembeni. Haikuwa kompyuta, lakini wazo ndilo hilo, kwamba mwili ukitikisika sauti ijue.

Najua hapa jamaa wa sanaa atanyanyua mkono. Atasema, wewe, hao hao Cage na Cunningham ndio waliofundisha kwamba muziki na dansi kila kimoja kiende njia yake, vikutane jukwaani tu. Ni kweli, na ni hoja nzito. Wachezaji wa Cunningham mara nyingi waliusikia muziki kwa mara ya kwanza siku ya onyesho. Ila walikubaliana hivyo. Mchezaji alizoea kuhesabu muda wake mwilini bila kutegemea sauti, na muziki nao haukudai kuwa ndio unaosema sasa ni mwanzo, sasa ni mwisho. Wangu ulidai. Ulimshika Mtwangaji mkono ukamvuta. Kuna tofauti kati ya watu wawili wanaotembea barabara moja kila mtu na safari yake, na mtu anayekuburuza huku anadai anakusindikiza.

Mwingine atasema, kwa nini kompyuta? Si uite mpiga ngoma? Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu ana haki. Nenda kwenye ngoma yoyote ya kwetu uone, mpiga ngoma macho yako kwenye miguu ya mchezaji. Mchezaji akiongeza naye anaongeza, mchezaji akitaka kupumzika anampa mlango. Hata singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na laptopu imewekwa mezani, DJ anayejua kazi anautazama umati na anamsikiliza MC, anarudisha, anakata, anaachia. Kwa hiyo kama una mpiga ngoma na kazi inamhitaji, mwite mpiga ngoma, kompyuta iache ndani ya begi.

Lakini Mtwangaji hakutaka binadamu mwingine jukwaani. Mama alikwenda dirishani peke yake miaka sita, hakuna aliyempigia ngoma. Alitaka sauti itoke kwenye kinu chenyewe, kama vile kinu kinakumbuka. Hilo kompyuta inaliweza, inachukua mlio mmoja wa mchi na kuuvuta mpaka uwe mrefu kama pumzi ya mtu aliyechoka.

Basi niliporudi nikamwomba nafasi ya pili. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akasema sawa, ila akasisitiza, "Mimi ndiye nitakayesema imekwisha."

Nikatumia programu ya Pure Data. Ni ya bure, imetengenezwa na Miller Puckette, huyo huyo aliyeanzisha programu ya Max huko IRCAM, Paris, miaka ya 1980. Huandiki mistari mirefu, unaunganisha visanduku kwa nyaya kwenye kioo kama fundi umeme. Usiku wa kwanza nilitaka kulia. Usiku wa nne kikatoka kitu.

Nitaeleza kwa ufupi kwa wanaotaka kujaribu. Fundi redio mmoja alinichomolea kidude kutoka kwenye king'ora kibovu, kile kibapa cha duara cha rangi ya shaba ambacho kikitikiswa kinatoa umeme kidogo. Nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiingie maji, nikakibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kitako cha kinu, waya ukaenda kwenye tundu la maiki la laptopu. Sasa laptopu inasikia kinu.

Ndani ya programu kuna kazi nne. Ya kwanza ni kutambua pigo: mtikisiko ukivuka kiwango fulani, hilo ni pigo, halafu programu inaziba masikio kwa robo sekunde ili pigo moja lisihesabiwe matatu. Ya pili ni kupima nafasi kati ya pigo na pigo, ikichukua wastani wa mapigo manane ya mwisho, ili ijue anakwenda mwendo gani. Ya tatu ni kuchagua jibu. Niliipa noti tano tu, na kwa kila pigo inapiga kama shilingi ya bahati nasibu kuamua ijibu au inyamaze. Mwanzoni inajibu pigo moja kati ya manne hivi. Akipunguza mwendo, majibu yanakuwa marefu zaidi. Ya nne ndiyo niliyoipenda kuliko zote: zikipita sekunde sita bila pigo, kila kitu kinafifia mpaka kimya. Na kimya kinakaa mpaka yeye apige tena, hata kama ni mwaka.

Hakuna saa mahali popote. Mwisho pia sikuuandika, haumo.

Wiki tatu zilizopita akafanya tena, mara hii chini ya miti, jioni, watu kama 40 hivi. Mama alikuwepo. Sikumsalimia kwa kifua mbele safari hii.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Mtu mmoja alipita karibu na kinu, hatua zake mashine ikazihesabu kuwa mapigo, ikajibu peke yake. Jamaa mmoja nyuma yangu akauliza mwenzake kwa sauti, "DJ bado hajaanza?" Na kweli kama ulikuja kutafuta wimbo wa kuondoka nao kichwani hukuupata.

Ila dakika kama ya 15 Mtwangaji alisimamisha mchi. Akajifuta uso, akaegemea kinu. Muziki ukafifia, ukaisha. Tukasikia ndege, tukasikia bajaji huko barabarani, tukasikia maji yanadondoka kutoka kwenye kanga yake. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikaa hivyo muda mrefu, sikuthubutu hata kutazama saa. Nilitamani kubonyeza kitu kwenye laptopu kuokoa hali, mikono nikaikalia. Kisha akapiga pigo moja, na kinu kikajibu, sauti moja ndefu ya chini. Mama akasema "Eeh" kama mtu anayeitikia hadithi.

Ilichukua dakika 23. Alipokipindua kinu ndipo makofi yakaja, tena si mara moja.

Sasa najua kuna mdau anasema, mbona unajitesa, siku hizi kuna akili mnemba, andika sentensi mbili inakupa wimbo mzima na waimbaji juu. Nimejaribu, wimbo unatoka mtamu tu. Lakini unachopewa ni faili. Lina mwanzo, lina mwisho, halijui kwamba mama amekuja, halijui kwamba leo mikono imechoka. Ni kosa langu la kwanza lile lile, ila limevaa suti. Simkatazi mtu kulitumia kwenye tangazo au video ya harusi. Jukwaani, mbele ya mtu anayehatarisha kitu cha kweli, mimi hapana.

Nikiri pia kwamba programu yangu ni mtiifu mno. George Lewis, mpiga tromboni wa Marekani, miaka ya 1980 alitengeneza programu aliyoiita Voyager. Inamsikiliza mpigaji lakini si lazima imfuate, inaweza kuwa na lake, hata kuanza yenyewe. Kusikiliza si kutii tu, rafiki anayekusikiliza anaweza kukubishia. Huko sijafika. Ila kubisha kabla ya kusikiliza tunakujua sote, kumejaa maofisini.

Kwa wanaotaka kufanya kazi ya namna hii hapa chuoni, ninayo machache. Kabla hujafungua laptopu, muulize msanii kitendo chake kinaisha na nini. Akikwambia "maji yakiisha", usimpimie dakika. Mpe kompyuta sikio moja tu la kuaminika, usianze na kumi. Na utengeneze kimya kwa bidii ile ile unayotengeneza sauti. Kwa walimu wenzangu mtakaofundisha kompyuta, kuna Sonic Pi ya Sam Aaron, nayo ni ya bure, ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, unaandika mistari michache na muziki unatoka hapo hapo. Mtoto ataelewa programu ni nini kabla hajachoka.

Mafao bado hayajatoka. Nasema ili msije mkadhani hadithi imeisha vizuri. Mama alirudi kwao Jumapili, na wiki hii ana tarehe nyingine pale dirishani. Alipokuwa anapanda basi aliniambia, "Safari hii ulimngoja." Nikamjibu, "Ndiyo mama, samahani kwa ile ya kwanza."

Mnaonaje wadau? Kama mna hoja kwamba wimbo uliorekodiwa unaweza kumtendea haki msanii wa jukwaani, nileteeni, nitabishana kwa heshima. Ila msinitafute wiki mbili zijazo, mitihani iko mlangoni na historia sijaigusa.

Nawasilisha.